Ovaroli la wawinda bata, nimelipeleka kwenye mwani Jambiani

Assalaam aleikum watazamaji, karibuni tena. Leo niko Jambiani, ni bamvua, maji yamekupwa mpaka vigingi vya mwani vinaonekana kule karibu na mwamba. Mpwa wangu ndiye aliyeshika kamera, kwa hiyo picha ikiyumba msinilaumu mie.

Hiki nilichokibeba ni ovaroli la mpira. Linaanzia kifuani, lina mikanda ya mabegani, na huku chini limeunganishwa moja kwa moja na gambuti. Ukilivaa unaingia majini mpaka mbavuni na unatoka mkavu. Ndivyo anavyosema muuzaji, lakini. Nimelipata kwenye mitumba mjini kwa shilingi 60,000 baada ya kulumbana sana. Mlikuwa mnaniuliza: haya maovaroli yanamfaa mkulima wa mwani? Hili hapana. Yapo ya jamii yake yanayofaa, tena wala si huku baharini. Nitafika huko.

Kwanza tumjue mwenyewe, aliyetengenezewa. Mpwa, sogeza kamera hapa kifuani. Mnaviona hivi vitundu vya mpira vilivyopangwa safu? Hapa hukaa risasi za bunduki ya marisau. Hili ni vazi la wawinda bata. Kule Marekani na Ulaya, baridi ikianza bata-maji wanahama kwenda kusini, na msimu wa kuwinda unaangukia hapohapo. Mwindaji anaingia ziwani kabla ya alfajiri na gunia la bata wa bandia, wa plastiki, kila mmoja ana uzi na chubwi asije akachukuliwa na mkondo. Anawapanga juu ya maji na kuacha uwazi katikati, upepo ukimpiga mgongoni, kwa sababu bata hutua akiukabili upepo, na ule uwazi ndio anaouona kuwa mahali pa kushukia. Halafu mwindaji anasimama. Mlemle majini, saa nzima, saa mbili, kimya, katikati ya bata wa plastiki.

Jimbo la Arkansas, sehemu za mji wa Stuttgart, wawindaji wanasimama ndani ya misitu iliyofurika, wameegemea miti, na bata wakipita juu, wao wanapiga maji teke ili mawimbi yawatikise wale wa bandia. Wavuvi wa ngisi hapa hamuhitaji kuelezwa. Chambo kisichocheza hakimdanganyi mtu.

Sasa maji yale yanakaribia kuganda. Na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa yenye baridi ileile. Bila ya vazi, mtu hamalizi saa. Ndiyo maana wametumia neoprini, mpira uliojaa vipovu vya gesi, na hili langu lina unene wa milimita 5. Gambuti nazo zina bitana ya kuzuia baridi. Kuna hata mfuko wa manyoya hapa mbele wa kupashia mikono moto. Kwa yule bwana wa Arkansas, unene huu ndio uhai wake, na ndio anaoulipia.

Bahari yetu hata kusi ikivuma haishuki sana chini ya nyuzi 25, na kaskazi ikikolea inapanda mpaka 29 au 30. Basi nikamwomba shangazi yangu alijaribu, maana yeye amelima mwani tangu ujana wake, siku zilezile ukulima huu ulipoanza huku mashariki ya Unguja, mwaka 1989. Mimi nikivaa na kuzungukazunguka mbele ya kamera haitakuwa na maana. Mwani ni kuinama, kufunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, kunyanyuka, kuburura gunia, kuinama tena.

La mwanzo hata halikuhusu joto. “Mie nivae suruali mbele ya kijiji kizima?” Nilikuwa sikulifikiria hilo, na aliyelitengeneza naye hakulifikiria. Tukakubaliana avae dera juu yake. Dera likaingia maji likafura na kumzunguka kiunoni, na wenzake wakacheka mpaka wakaacha kazi. Sasa nyie mnaouza vitu hivi, jueni: asilimia kubwa ya wakulima wa mwani wa Zanzibar ni wanawake wa Kiislamu. Ukimletea vazi ambalo lazima alifunike, umemletea nguo mbili za kubeba.

Halafu likaja joto. Jua la saa nne asubuhi, mpira milimita 5. Hakukaa sana, akaniita: “Mwanangu, hili si vazi, ni sufuria.” Alipolivua alikuwa ameloa chapa kuanzia shingoni, na hakuna tone la bahari lililoingia. Lote jasho! Neoprini haipitishi mvuke, inachokizuia kuingia inakizuia na kutoka. Mtu anayefanya kazi juani akitoka jasho namna hiyo, bila maji ya kunywa, atapata kizunguzungu, na kizunguzungu ndani ya maji si jambo la kuchezea. Adhuhuri ikaadhiniwa, na kulivua tu ili atie udhu ikawa shughuli ya watu wawili, mmoja anavuta gambuti, mwengine amemshikilia mabega.

Alichokipenda ni soli. Huku chini kuna miiba ya baharini, kuna taa aliyejifukia mchangani, na wenzake wengi wanaingia na soksi kuukuu au yeboyebo. Gambuti hii haikupitisha kitu. Na vile vitundu vya risasi, akavitia mafungu ya tai-tai, kila tundu fungu lake. Hilo alisema libaki. Ningekuwa fundi cherehani ningemshonea aproni yenye vitundu hivyo tu, ikaisha.

Haya, suala la kuzama, maana ndilo linaloulizwa zaidi. Watu wanasema ovaroli likijaa maji linakuvuta chini. Nilijaribu mahali pa kina cha kifua, na mpwa pembeni ameshika kamba, wala msijaribu peke yenu. Maji yaliyo ndani ya ovaroli hayana uzito ukiwa umo ndani ya maji. Hayakuvuti. Na neoprini yenyewe inaelea kwa vile vipovu vyake. Taabu ni mbili. Ukianguka hewa ikiwa imebaki miguuni, miguu inapanda juu na kichwa kinabaki chini, na kwa asiyejua kuogelea hapo ndipo penye hatari. Ya pili ni kutoka: ukishafika ufukweni na maji yamejaa mpaka mapajani, kila mguu unaunyanyua na ndoo zake. Ukipanda mashua ndiyo huwezi kabisa. Dawa yake ni mkanda wa kiunoni, uliokazwa juu ya ovaroli, unaozuia maji yasishuke. Hili langu lilikuja bila mkanda. Mitumbani mingi huwa imepotea, kwa hiyo nunueni wowote, hata wa begi.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu ya aina ya mwani inayoitwa cottonii. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto kwake, unaoza, na ndiyo maana kina Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, walikuja na nyavu za bomba, mwani unatiwa ndani ya wavu mrefu kama bomba, ili upandwe kwenye maji marefu. Sasa mtu akiona maji marefu anawaza ovaroli. Hapana! Maji marefu ni mashua na jaketi la kuokolea maisha, na kujifunza kuogelea. Ovaroli ni la mtu ambaye miguu yake inagusa chini muda wote.

Jengine. Yule muuzaji alikuwa nalo la pili, la rangi za matete, kahawia na kijani mabakamabaka, kwa bei ya chini. Mwindaji analihitaji kwa sababu bata ana macho makali na anaona rangi vizuri. Mie sikuligusa. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 wenye nguo hizo wazisalimishe. Utamweleza nani njiani kwamba haya ni matete ya Marekani? Rahisi hivyo, ina sababu yake.

Kwa hiyo yanafaa wapi? Maji matamu. Mabonde ya mpunga, mito, mabwawa, Pemba hasa. Kule kuna kichocho, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji matamu na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Bahari ya chumvi haina hilo. Mtu anayesafisha mtaro wa bonde au kuvua kwenye bwawa ana sababu ya kweli ya kutaka ngozi yake isiguse maji. Lakini si kwa hili la milimita 5. Atafute lile jembamba la PVC au nailoni lisilo na bitana, au bora zaidi yale yanayoishia pajani, unayafunga kwenye mkanda, na kiwiliwili kinapata upepo. Yanapatikana mitumbani hukohuko, ila yamekunjwa chini kabisa kwa sababu hayavutii macho. Bata-mwitu mtawaona vilevile mabwawani Pemba. Waacheni, wana sheria yao.

Ukilikuta, usilipe kabla ya kulipima. Jembamba, liingize tochi ndani ukiwa kwenye giza, kila tundu litakuonesha nuru. Hili nene tochi haisaidii. Kunja mdomo wake uzuie hewa, libane, paka povu la sabuni kwenye mishono, hasa kati ya mapaja na pale linapokutana na gambuti. Langu lilitoa vipovu gotini, fundi baiskeli akatia kiraka na kinashika mpaka leo. Ukishatoka baharini lisuuze kwa maji matamu, litundike kichwa chini kivulini. Jua linakausha mpira ukapasuka.

Nambari ya gambuti ni 44. Kama kuna fundi wa kituo cha barafu au mtu wa chumba cha baridi cha samaki pale mjini anayesimama kwenye majimaji ya barafu usiku kucha, aniandikie hapo chini, kwa 50,000 nampa na mkanda wa begi juu yake. Mpwa, zima, maji yanarudi.