Kikwata cha uzio: mbegu na miche niliyonunua Dodoma

Anza na jina, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Wauza miche huita "kikwata" miti miwili: Senegalia mellifera, na Senegalia senegal ule wa gundi. Kwa uzio chukua wa kwanza. Geuza tawi uhesabu miiba: mellifera ina miwili miwili, iliyopinda kama ndoana, senegal ina mitatu pamoja, mmoja umeelekea chini. Vijani vya mellifera ni vichache na vipana, jozi yake kama mabawa ya kipepeo. Katika miche 60 niliyoletewa, 7 ilikuwa ya miiba mitatu.

Pakiti ya mbegu ilikuja na maelekezo ya kumwagia maji yanayochemka. Usiyafuate. Hayo ni ya migunga yenye ganda gumu. Mbegu ya kikwata ni bapa, ganda lake jembamba, hunywa maji yenyewe. Nilizozimwagia maji ya moto, 50, zilivimba zikaoza karibu zote. Nyingine 50 nililoweka usiku mmoja kwenye maji ya kawaida, 38 zikaota ndani ya siku kumi. Mbegu yenye tundu dogo itupe, mdudu keshaila kiini. Wala usinunue za zamani, hazihifadhiki kama za migunga mingine.

Miche ndiyo iliyoniudhi. Ilikuwa imekaa kitaluni kupita kiasi: ukichana kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, unakuta mzizi mkuu umejizungusha chini kama kamba iliyokunjwa. Mche wa hivyo hudumaa hata ukiunywesha kila siku. Niliikata sehemu iliyojikunja kwa wembe, na bado kumi ilikufa.

Kupanda: subiri mvua za Desemba zishike, shimo la sm 30 kwa 30, nusu ndoo ya samadi iliyooza, sm 60 kati ya mche na mche. Udongo hakibagui sana, hata ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi. Zuia mbuzi, maana majani wanayapenda. Kikifika mita moja kata ncha, kitachanua matawi ya chini. Usipokata unapata uzio wenye miguu mitupu, kuku na mbwa wanapita. Vaa glavu za ngozi, na mwiba ukikunasa rudi nyuma ulikotoka, ukivuta mbele shati linakwenda.

Maua yake, meupe yaliyokaribia rangi ya krimu, hutoka mwishoni mwa kiangazi kabla ya majani, na nyuki hujaa. Mwenye mizinga atafurahi.

Mwenye mahindi hatafurahi. Mizizi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali. Mistari ya mahindi iliyo karibu na uzio hunyauka kwanza. Mimi naacha mita tano.

Mbegu nitanunua tena. Miche, sitoi hela mpaka muuzaji achane kiriba kimoja mbele yangu.