Tathmini ya majaji Utah: ripoti safi, ila alama zinabanana

Wapigakura wa jimbo la Utah, Marekani, huulizwa swali moja tu kuhusu jaji: abaki au aondoke? Hana mpinzani, kwa hiyo bila tovuti ya tathmini za majaji, judges.utah.gov, wengi wangebahatisha.

Fungua jina la jaji, kisha ipite ile sentensi ya juu inayosema amefikia kiwango. Karibu wote hufikia. Shuka kwenye alama. Kipimo ni 1 hadi 5, na kila eneo, yaani ujuzi wa sheria, uadilifu na hulka, na uendeshaji wa kazi, linadai angalau 3.6. Madodoso hujazwa na mawakili, watumishi wa mahakama na raia waliokaa kwenye juri, yaani jopo la raia linaloamua kesi (hawa kwa kawaida ni wakarimu mno). Mlinganishe na wenzake wa ngazi ileile, maana 4.3 peke yake haikuambii kitu.

Utamu uko kwa watazamaji wa kujitolea wanaoketi mahakamani bila kuhusika na kesi: je, jaji alimtazama mshtakiwa usoni, alimwacha amalize kusema, alimfafanulia uamuzi kwa lugha nyepesi? Kwa majaji wa mahakama ndogo wasiofanya kazi muda wote, kesi ni chache na ripoti ni nyembamba.