Nimetundika mapazia manne kwenye dirisha moja la magharibi: nini kimebaki

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo siko dukani, niko sebuleni kwangu Mbezi, na huku nyuma yangu mnakiona kituko chenyewe: dirisha moja, bomba moja, mapazia manne yasiyojuana. Mama mdogo alipokuja Krismasi alisimama pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, unahamia au unahama?" Nikamwambia mama, nafanya kazi. Hakuamini.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Tangu Septemba mwaka jana vitambaa hivi vinne vimening'inia hapa, dirisha la magharibi, jua la saa tisa mpaka magharibi linavipiga kila siku. Kaskazi imepita, joto lake mnalijua. Sasa masika imeanza, unyevu umeingia. Kwa hiyo vimeonja vyote. Nimekuwa nikiulizwa "kitambaa gani kizuri cha pazia", na mimi kila siku najibu kwamba inategemea, mpaka nikajichoka. Leo nina jibu.

Nianze na hili la buluu, kwa sababu ndilo lililonitia hasira. Nilipolinunua niliambiwa ni lineni, yaani kitani. Muuzaji alilikunjua chini ya zile taa nyeupe za duka, likang'aa rangi ya bahari ya asubuhi, mimi nikatoa pesa. Sasa ngoja nisogeze kamera. Mnaona hii mikunjo? Kila mkunjo unaotokeza kuelekea kioo umepauka, na kila unaoingia ndani umebaki na rangi. Pazia limekuwa na mistari kama punda milia, na mimi sikununua mistari. Sasa tazameni hapa chini. Asubuhi nimechukua wembe nikafumua pindo, kipande kama cha vidole vinne. Ile rangi iliyofichwa ndani ya pindo, ile! Hiyo ndiyo buluu niliyolipia. Weka kidole kwenye mpaka, juu maji ya kufulia, chini bahari. Miezi sita tu.

Halafu, ni lineni kweli? Tuchome. Nachomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye pindo, nazishika kwa kibano, juu ya sahani ya bati, watoto nimewatoa nje. Kiberiti. Mnaona? Hauwaki ukaisha, unajikunja, unayeyuka, unadondoka. Ukipoa unabaki na kishanga kigumu cheusi. Nakibonyeza kwa kucha, hakivunjiki. Hiyo ni poliesta, mia kwa mia. Kitani cha kweli, au pamba, huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanakuwa unga laini. Sasa sikilizeni, sisemi poliesta ni mbaya. Uzi wa poliesta wenyewe unastahimili jua la kwenye kioo vizuri kuliko pamba. Hapa uzi haujachanika hata mmoja. Kilichokimbia ni rangi. Kosa ni kuuziwa jina. Mimi siku hizi naomba kipande cha kitambaa, hata cha kiganja tu, naenda nacho nyumbani. Muuzaji akikataa kukata kiganja kimoja, namuaga kwa adabu.

La pili, blakauti, lile pazia zito la kuzuia mwanga. Hili ndilo kila mtu analitaka siku hizi, na nawaelewa. Lakini zipo za aina mbili na dukani hakuna atakayekwambia usipouliza. Ipo iliyofumwa, uzi mweusi umelala katikati ya kitambaa, mbele na nyuma unagusa kitambaa kilekile laini. Na ipo iliyopakwa, mgongoni ina tabaka kama la mpira mweupe. Hii yangu ni ya kupakwa. Mwanga inazuia, sina ugomvi nayo, saa nane mchana chumba kinakuwa usiku. Ila tazameni mgongo wake. Hapa kwenye mkunjo mpira umepasuka nyufa nyembamba kama udongo uliokauka. Na hivi vidoti vyeusi pembeni ni ukungu, vimeanza wiki mbili hizi mvua ilipoanza. Niliifua mara moja, nikaikamua kwa mikono kama ninavyokamua shuka, ndipo nyufa zikaongezeka. Hiyo ni juu yangu. Ya kupakwa haikamuliwi. Inaoshwa kwa sifongo na maji ya vuguvugu, inaachwa ichuruzike yenyewe.

Na kuna jambo la joto. Watu wanasema weka blakauti chumba kitapoa. Jua likishapita kioo, joto limeshaingia ndani. Pazia jeusi linalinyonya na kulirudisha chumbani taratibu. Mgongo mweupe unasaidia kidogo, unarudisha sehemu ya mwanga nje. Lakini huku kwetu madirisha tunafungua! Blakauti nzito ikishushwa, upepo wa kusi unabaki nje unagonga. Umeme ukikatika usiku, feni imesimama, utalichukia pazia lako. Chumba cha kulala cha mtu anayefanya kazi zamu za usiku, sawa, nunua, ila ya kufumwa. Sebule, hapana.

Mahameli nitapita haraka. Dukani mtasikia wanaiita velveti. Ni nzuri, ukweli usemwe, inaanguka chini kwa heshima kama kanzu ya bwana harusi. Lakini piteni kiganja hivi, kutoka chini kwenda juu... mnaona vumbi kwenye mwanga? Nyumba yangu iko mita kama hamsini kutoka barabara ya vumbi. Kila Jumamosi nalikung'uta, na kila Jumamosi napiga chafya. Mwenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa, hilo ni lako. Kwa kochi nitaitetea kidogo: mwanangu alimwaga chai ya maziwa kwenye mto wa mahameli, chai ikakaa juu sekunde kadhaa kabla ya kuzama, nikaiwahi na kitambaa kikavu. Pamba isingenisubiri. Ila kukaa juu yake Februari na gauni jepesi, mtaniambia wenyewe.

Sasa la nne, huku mwisho. Hiki ni kikoi. Ndiyo, kikoi, kile kile cha wazee wa pwani, nimeunganisha viwili. Mnacheka. Kina miezi ileile sita, jua lilelile. Njooni karibu. Mistari ya machungwa imefifia kidogo, siwadanganyi, lakini imefifia sawasawa, na ukigeuza nyuma ni ileile. Sababu ni kwamba kikoi kinafumwa kwa nyuzi zilizokwishatiwa rangi. Rangi imepita ndani ya uzi, mbele na nyuma ni moja. Kitambaa cha kuchapwa kina rangi upande mmoja, jua likila ule uso ndio basi. Kwa hiyo mkiwa Kariakoo, kabla hamjauliza bei, geuzeni kitambaa. Mgongo ukiwa mweupe-mweupe, hicho hakiendi dirisha la magharibi wala la mashariki. Cha namna hiyo pelekeni dirisha lililo chini ya baraza, au kifanyeni mto.

Lakini kikoi peke yake kisingefika hapa. Kina siri, na siri ni hii nyuma: bitana. Tetroni nyeupe ya kawaida, ile ya kushonea sare za shule. Jua linapiga bitana kwanza. Bitana ikichakaa, unafumua, unatia nyingine, pazia linabaki. Fundi wangu alininung'unikia kwamba ninamwongezea mshono, nikamwongezea hela, yakaisha. Kama mtaondoka na kitu kimoja kwenye hii video, muwe mmeuliza bitana kabla ya kuuliza rangi.

Na hapa chini mnaona mkanda wa rangi ya maziwa? Kikoi hakikufika sakafuni, nikakiongezea merikani. Ile pamba isiyopaushwa, jina imepata kwa sababu karne ya 19 ilikuwa inaletwa Unguja na meli za Wamarekani, kutoka Massachusetts huko. Leo ni bitana za magodoro na mifuko. Kwangu imekuja kupokea maji ya deki. Maana hizo picha za mapazia yanayolala sakafuni kama shela la bibi harusi, waliopiga hawadeki kila asubuhi. Pazia la nyumba inayodekiwa liishie kidole kimoja juu ya vigae. Likigusa, pindo linanyonya maji, linaota mstari wa kijivu, na huo mstari hautoki.

Pamba ina tabia yake lakini. Kabla ya kumpa fundi nilikata kipande cha hiyo merikani, sentimita 50 kwa 50, nikakichovya maji ya moto, nikaanika kivulini. Nilipopima tena, urefu ulikuwa 47, upana 49. Mnaona sentimita tatu ni kidogo? Pazia la sentimita 240 lingepungua kama sentimita 14. Lingekuwa suruali ya mtoto aliyerefuka likizo. Na hili limenikuta huko nyuma na mapazia ya chumbani, fundi akakata, akashona, nikafua mara moja tu, yakapanda juu. Nilimpigia, akasema, "Dada, maji yako makali." Sasa navichovya vyote kwanza, navianika, napiga pasi, ndipo vinakwenda cherehani.

Hesabu ya mita nayo inawaliza wengi. Bomba langu lina sentimita 220. Pazia likitaka kuwa na mikunjo inayopendeza, zidisha mara mbili: mita 4 na 40. Sasa dukani roli moja lina upana wa 280, jingine 150. La 280 unalilaza, ule upana unakuwa urefu kutoka bomba hadi sakafu, unanunua mita 4.4 na umemaliza. Mimi nilikuta la 14,000 kwa mita, ikawa 61,600. Pembeni yake kulikuwa na la 150 kwa 9,000, machinga ananiita, "Dada, huku rahisi!" Hilo inabidi ukate vipande vitatu, kila kimoja mita 2.6 pamoja na pindo, jumla mita 7.8. Shilingi 70,200, na bado una maungio mawili katikati ya pazia. Rahisi ya wapi? Ulizeni upana wa roli kabla ya bei.

Khanga nimeiweka kwenye mito, hii hapa. Doti moja imenitolea mito sita ya sentimita 45, mbele na nyuma, kila khanga mito mitatu. Pamba yake ni nyembamba, kwa hiyo ndani kuna merikani tena, la sivyo sponji inaonekana na kitambaa kinachanika kwenye kona. Rangi nyekundu ikitoka mnapofua, msijisumbue na chumvi na siki. Chumvi inasaidia kiwandani kitambaa kinapotiwa rangi. Kikishafika kwako inachofanya ni kukupa matumaini. Suuzeni peke yake, maji baridi, mara tatu nne, mpaka maji yawe meupe.

Ila kwenye khanga kuna mtego mmoja ambao hakuna atakayewaambia. Mimi nilikata kwa kufuata maua, sikuangalia jina. Mto mmoja ukatoka na maneno kamili, HASIDI HANA SABABU, nikauweka kwenye kochi la wageni bila kufikiri. Akaja mama mkwe. Akakaa, akauchukua ule mto, akausoma, akaulaza mapajani maneno yakiwa juu, akanywa chai yake yote kimya. Nimeshona upya. Sasa jina linaangalia nyuma.

Kwa hiyo kesho asubuhi nashusha matatu. Blakauti inakwenda chumba cha mdogo wangu, yeye ni nesi, anatoka zamu saa moja asubuhi. Mahameli ameiomba rafiki yangu mwenye kiyoyozi. Kikoi kinabaki na natengeneza vingine viwili vya kuziba hizo nafasi. Hili la buluu nilifikiri angalau nilifanye matambara ya kudekia, kama tunavyofanya khanga ikichakaa. Jana nikakata kipande, nikakitupa kwenye maji yaliyomwagika jikoni. Tazameni hapa, nilijirekodi: nasukuma, maji yanakimbia mbele yake. Nasukuma tena, yanakimbia tena. Hata maji hayanywi.