Ofisi ya uwakili Mwanga, Kigoma: ada, risiti na ukweli kuhusu kodi

Mwaka 2024 mdogo wangu alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kukamua mawese, na mwajiri wake akawa anapiga danadana kupeleka taarifa ya ajali kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Nilimpeleka kwa wakili mwenye ofisi ghorofani, jirani na soko la Mwanga, na gharama nikazibeba mimi kwa fedha za duka langu.

Kabla ya kupokea hata shilingi moja, wakili alitueleza kuwa sheria haimlazimishi mfanyakazi kuwa na wakili ili adai fidia, na kwamba yeye angemwandikia mwajiri barua na kupanga nyaraka za hospitali tu. Ada ilikuwa shilingi 300,000. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 ikaongeza 54,000, na risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) ya shilingi 354,000 ikatoka mbele ya macho yetu. Mtu tuliyemwendea awali alitaka fungu la fidia yenyewe, bila karatasi yoyote.

Nilikusudia kuiingiza risiti hiyo katika matumizi ya duka. Wakili aliigeuza mezani, akaweka kidole kwenye jina la mdogo wangu, akasema: "Kaka, hii si gharama ya biashara yako. Kinachoondolewa kabla ya kodi ni matumizi ya kuzalisha mapato ya duka. Hii ni ya familia, na ukiiingiza, siku ya ukaguzi utakosa la kujibu." Nikauliza kama basi mdogo wangu angepunguziwa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Akajibu hapana, kwa sababu katika mshahara huondolewa mchango wa hifadhi ya jamii, si ada ya wakili. Iliniuma, kwani mwajiri akimlipa wakili kwa shughuli za kiwanda chake huihesabu kuwa gharama halali, ilhali aliyeumia hubeba ada pamoja na VAT bila nafuu yoyote. Hata hivyo, nilishukuru kuambiwa ukweli na mtu ambaye angeweza kunyamaza.

Ulemavu ulikadiriwa kuwa chini ya asilimia 30, hivyo mdogo wangu alilipwa kwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Ninaipendekeza ofisi hii, isipokuwa ngazi zake ni nyembamba na kali mno. Tulimkuta mzee mwenye magongo ameketi chini kwenye kreti ya soda, akisubiri karani amshukie na fomu. Wateja wa namna hiyo wanastahili chumba cha chini.