Uzoefu wangu: Kwa treni ya mvuke hadi Quorn, mji wa reli uliopitwa na reli

Mke wangu alipoona tiketi aliuliza swali moja tu: "Baba Zuhura, yaani unalipa pesa yote hii ili urudi ulikotoka?" Hakukosea. Treni ya Pichi Richi, reli ya zamani iliyohifadhiwa, iitwayo Afghan Express inaondoka Port Augusta, Australia Kusini, inakwea milima ya Flinders kilomita 39, inakushusha Quorn ule na kuzurura, kisha inakurudisha. Kwa gari ni kama nusu saa tu. Nilienda na binti yangu wa miaka 9, na nikipata nafasi nitarudi.

Niseme mapema kwamba mizani yangu imeinama. Mimi ni mtoto wa Korogwe, babu yangu alikula mshahara wa reli, na utotoni saa yetu ya nyumbani ilikuwa honi ya treni. Nyota nitakazotoa mwishoni zihesabiwe kwa kujua hilo.

Safari yenyewe ni ya polepole. Mabehewa ni ya mbao, madirisha yanafunguka, na kichwa cha mvuke kinahema kwenye mlima kama mzee anayepanda ngazi. Dereva, mchochea tanuri, gadi, wote ni watu wa kujitolea, na ukiuliza swali moja kuhusu injini jiandae kujibiwa hadi kituo kinachofuata. Reli ni nyembamba, milimita 1,067 kati ya chuma na chuma. Ya kwetu ya Tanga ni 1,000. Nilipomtajia gadi tofauti hiyo alinitazama kama ndugu aliyepotea.

Huo upana ndio uliouinua mji wa Quorn, na ndio uliouangusha. Viwanja vilipimwa 1878, reli ikafika 1879 ikitokea bandarini Port Augusta. Walowezi walitaka kulima ngano, ingawa mpima ardhi George Goyder alikuwa ameshachora mstari wake mwaka 1865: kaskazini mwa hapa msitegemee mvua. Quorn iko kaskazini. Miaka michache mvua ilinyesha vizuri, watu wakamcheka Goyder, mashamba yakasogea mbele. Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1880, na hadi leo utaona kuta za mawe za nyumba za wakulima zimesimama peke yake bila paa. Kwa ngano peke yake mji huu ungekufa mapema. Kilichouokoa ni njia panda. Reli moja ilikwenda kaskazini jangwani, hatua kwa hatua, hadi Alice Springs mwaka 1929. Nyingine ilikwenda kusini-mashariki hadi Terowie. Na mwaka 1917 reli ya kuvuka bara kutoka Kalgoorlie, Australia Magharibi, ilipokamilika, abiria wa Perth waliokuwa wakielekea Adelaide walishuka Port Augusta kwenye reli ya milimita 1,435, wakapanda nyembamba kupita Quorn, kisha Terowie wakahamia pana ya 1,600. Kila mahali mizigo chini, mizigo juu. Hebu fikiria na watoto.

Mwaka 1937 ikafunguliwa reli mpya kati ya Port Augusta na Port Pirie, na wasafiri wa mashariki na magharibi wakaacha kupita. Vita ya pili ikaurudishia mji uhai: wanajeshi wa kwenda kaskazini walipita hapa kwa wingi mno, na wanawake wa mji wakawa wanawapikia. Halafu miaka ya 1950 reli mpya ya kwenda Marree, mji wa kaskazini kwenye njia ya Alice Springs, ikajengwa upande wa pili wa milima, tambarare, bila kona. Mji ukabaki na hoteli zake nne za zamani zimejipanga zikiitazama stesheni, kama watu wanaomngoja mgeni aliyekwisha kushukia kwingine. Walioiokoa njia hii ni chama cha kuhifadhi reli kilichoundwa 1973, ambacho ndicho kinachoendesha treni niliyopanda.

Sasa, lile lililonipeleka. Husimuliwa kwamba mwaka 1923 treni ya kaskazini ilisimama Quorn jioni, abiria mmoja akaruka chini na kukimbilia pembeni mwa jukwaa. Alikuwa Mwafghani, anawahi kuswali. Wafanyakazi wa reli wakaanza kwa utani kuiita treni hiyo Afghan Express, na jina likafupishwa likawa Ghan, ambalo treni ya Adelaide hadi Darwin inalitumia mpaka leo. Kama ilikuwa hivyo hasa, Mungu ndiye ajuaye; masimulizi ya stesheni nayajua yanavyonenepa. Lakini watu hao walikuwepo. Wenye ngamia wa kubeba mizigo jangwani waliitwa Waafghani wote, hata waliotoka Balochistan, Punjab au Sindh, na wengi walipandia meli Karachi, bandari ya bahari hiihii iliyoleta majahazi Pangani na Mombasa. Ndio waliobeba vifaa vya reli kwa ngamia, na reli ilipofika mbali ikawanyang'anya mizigo. Msikiti wao wa Adelaide, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880, ndio ninaoswalia Ijumaa.

Kwa hiyo tulipofika Quorn, wengine walipokwenda kula, mimi nilitafuta pembe yenye kivuli jukwaani, nikatandika mkeka, nikaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja kama msafiri. Zuhura alishika zamu ya kulinda viatu. Nilipotoa salamu nilimkuta mzee mmoja wa kofia ya reli amesimama mbali kidogo, amewazuia watoto wawili wasinipitie mbele. Hakusema neno, aliinua kofia tu.

Mashauri kwa atakayekwenda: treni haitembei kiangazi, Desemba hadi Februari, kwa hofu ya moto wa nyika, basi angalia ratiba na ukate tiketi mapema. Chakula cha halali beba chako. Sisi tulikula chapati na maharage kwenye benchi, na hatukujuta. Mwenye haraka abaki nyumbani.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa kosa langu mwenyewe: nilivaa kanzu nyeupe na kukaa dirishani nyuma ya kichwa cha mvuke. Imefuliwa mara tatu, kola bado ina masizi.