Uzoefu wangu: Mrija wa nyongo uliobana baada ya kupandikizwa ini, na mwaka mzima wa stenti hapa Dar

Naandika kwa ajili ya yule aliyerudi kutoka India na ini jipya, akakaa miezi kadhaa anajiona mzima, halafu usiku mmoja viganja vikaanza kumwasha. Mimi nilipofikwa na hayo nilitafuta Mswahili mwenzangu aliyepita njia hiyo nikakosa. Nikabaki na karatasi za hospitali, nusu naelewa nusu sielewi.

Nilipandikizwa Delhi, Julai 2022. Homa ya ini B ilikuwa imelimaliza ini langu, limebaki makovu. Figo zinapandikizwa hapa nyumbani, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa kule Dodoma tangu 2018, ila kwa ini ilibidi tusafiri. Mdogo wangu, tumbo moja, alikubali akatwe upande wa kulia wa ini lake nipewe mimi. Nikiandika hivi bado mkono unasita. Yeye alipona vizuri, lake likakua tena, na leo anafanya kazi zake kama kawaida.

Miezi saba baadaye, Februari 2023, ndipo kuwashwa kulipoanza. Si kuwashwa kwa upele. Ngozi safi, hakuna hata kipele, lakini ndani ya viganja na chini ya nyayo moto unawaka, na usiku ndiyo zaidi. Nilikuwa naweka miguu kwenye beseni la maji saa nane za usiku, mume wangu ananisugua mgongo kwa gunzi la mahindi kwa sababu kucha hazitoshi. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Choo kikapauka, kikawa kama ule udongo wa pemba wanaouza Kariakoo. Macho mimi sikuyaona. Binti yangu ndiye aliyeniambia, tumesimama juani Kimara tunasubiri mwendokasi: "Mama, mbona macho yako ya njano?"

Shangazi, kwa mapenzi yake, alileta chupa ya mizizi. Nilimshukuru nikaiweka pembeni. Mwenye ini la kupandikizwa hanywi mizizi. Kuna dawa za miti zinazoumiza ini lenyewe, na kuna zinazovuruga kiwango cha takrolimusi kwenye damu, hiyo ndiyo dawa inayozuia mwili kulikataa ini.

Sasa hapa nilipoteza wiki mbili, na nataka msizipoteze ninyi. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipiga ultrasound, wakaandika kwamba mirija ya nyongo haijatanuka, kila kitu kawaida. Nikapewa dawa ya mzio nikarudishwa nyumbani. Daktari wangu wa tumbo alipoiona ile karatasi alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba kwa mtu wa kawaida mrija ukiziba, sehemu ya juu yake hutanuka na ultrasound inaona. Kwenye ini la kupandikizwa mara nyingi mirija haitanuki, hata pale penye mbano mkubwa. Kwa hiyo ultrasound kuwa safi hakumaanishi mrija uko wazi. Ukiwashwa na macho yakawa ya njano, ng'ang'ania vipimo vingine.

Yeye alianza na damu: bilirubini (ile rangi ya njano inayojaa mwilini nyongo isipopita), vimeng'enya vya ini na kiwango cha takrolimusi, maana macho ya njano yanaweza pia kuwa dalili ya mwili kulikataa ini. Kisha akaagiza ultrasound ya aina nyingine, ile ya kupima mtiririko wa damu, aione ateri ya ini. Nikamuuliza ateri inahusu nini na nyongo. Akasema ini lina milango miwili ya damu, ateri na vena kubwa inayotoka kwenye utumbo, lakini mirija ya nyongo inategemea ateri peke yake. Ateri ikiziba, mirija inakosa chakula na kunyauka, na hapo habari inakuwa nzito. Yangu ilikuwa inapitisha vizuri. MRI ya mirija ndiyo iliyoonyesha tatizo: mbano mmoja tu, pale pale mrija wa mdogo wangu uliposhonwa na wa kwangu. Kovu la mshono limekaza. Dokta akasema nishukuru, maana mbano wa kwenye mshono unatibika kuliko ile mingi inayotawanyika ndani ya ini.

Tiba inaitwa ERCP: kamera nyembamba inapitishwa hadi utumboni, na vifaa vinapenyezwa kupitia hiyo kuingia kwenye mrija wa nyongo. Kabla ya yote aliniomba ripoti ya upasuaji ya Delhi, si ile barua fupi ya kuruhusiwa, ripoti yenyewe. Alitaka kujua kama walishona mrija kwa mrija au waliupeleka mrija moja kwa moja kwenye utumbo. Ukiwa mrija kwa mrija, kamera inapita mdomoni hadi kwenye tundu ambalo nyongo inaingilia utumboni. Ukiwa umeshonwa kwenye utumbo, njia hiyo ni ngumu kufika, na mara nyingi wanalazimika kupita kwenye ngozi ya ubavuni hadi ndani ya ini. Mimi ripoti nilikuwa nayo kwenye bahasha chini ya godoro. Ndugu yangu, uliye Delhi au Chennai sasa hivi, usipande ndege bila karatasi hiyo.

Siku ya kwanza ilikuwa Machi 2023. Sikula tangu usiku. Takrolimusi ya asubuhi niliambiwa nimeze kwa funda dogo la maji, muda wake usirukwe. Walinichoma antibayotiki, nikalazwa kifudifudi, kichwa kimegeukia pembeni, nesi akanishika bega akasema, "Pole dada, utalala kidogo tu." Nililala. Kilichofanyika nilielezwa baadaye kwenye picha za eksirei: waya mwembamba ulipenyezwa kwenye mbano, puto dogo likapitishwa juu ya waya, likajazwa hadi pale palipobana pakatanuka, kisha wakaacha stenti ya plastiki, kijiti chenye tundu katikati, nyembamba kuliko mrija wa kunywea soda. Niliamka koo linauma na tumbo limejaa hewa. Nililala hospitali usiku mmoja waangalie kongosho, kwa sababu ERCP inaweza kulivimbisha. Namshukuru Mungu halikuvimba.

Siku ya nne nililala usiku kucha bila beseni. Asubuhi mume wangu aliniuliza kama niko hai.

Lakini stenti moja haitoshi, na hili watu wengi hawaambiwi mapema. Kovu ukilitanua mara moja linarudi. Mpango wangu ulikuwa wa mwaka mzima: kila miezi mitatu natolewa stenti za zamani, puto linapitishwa tena, nawekewa mpya, na idadi inaongezeka. Juni ziliwekwa mbili pamoja. Miezi mitatu si namba ya kubahatisha. Stenti ya plastiki inajaa matope ya nyongo na bakteria, na ikiziba, nyongo inarudi nyuma. Kuna stenti za chuma zilizofunikwa, zinakaa muda mrefu zaidi na zinapunguza safari, ila kwangu dokta alisema mbano uko karibu mno na matawi ya mirija, ya chuma ingeweza kuziba tawi mojawapo. Kuhusu gharama, bima yangu ililipa kitanda na vipimo vya damu, stenti nikanunua mwenyewe. Uliza mapema kama bei unayotajiwa ina stenti na dawa ya usingizi ndani yake, au hivyo vinakuja juu yake.

Sasa ubaya wa hospitali niliyotibiwa. Zamu yangu ya tatu ilikuwa Septemba 2023. Sikupigiwa simu. Nilipopiga mimi niliambiwa mashine ya eksirei iko matengenezo, nitajulishwa. Nikaamini, nikaendelea na duka langu la vitenge. Katikati ya Oktoba, mchana wa jua kali, nimekaa dukani nikaanza kutetemeka hadi meno yanagongana. Mteja alinifunika kwa kitenge alichokuwa anakichagua. Wakanipakia kwenye bajaji. Homa 39.6, na bilirubini imepanda tena. Stenti zote mbili zilikuwa zimeziba, na maambukizi yamepanda kwenye mirija hadi yanaingia kwenye damu. Mwili wetu sisi tunaomeza takrolimusi kinga yake imeshushwa makusudi, hatuna siku za kusubiri homa ishuke kwa panadoli. Nililazwa siku tisa. Wale wale waliosahau kunipigia ndio walioniokoa, na sisemi hivyo kuwafunika. Zile wiki nne za kusubiri zilikaribia kunitoa uhai na kuharibu zawadi ya mdogo wangu. Niliwaambia hivyo kwa mdomo, nikawaandikia pia. Jibu la barua sijapata.

Tangu siku hiyo tarehe nilizishika mwenyewe. Niliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, binti akaweka kengele kwenye simu yake, na wiki tatu kabla nilikuwa nakwenda kwa miguu yangu hadi dirisha la miadi, sipigi simu. Januari 2024 ilifanyika kwa wakati, nikawekewa stenti tatu.

Aprili 2024 ndiyo ilikuwa ya mwisho. Masika yamepamba moto, Jangwani maji yamejaa, tukazunguka Kigogo na kufika tumeloa. Walizitoa zote tatu, wakapitisha dawa ya picha, na dokta akanionyesha kwenye kioo: mstari mweusi unashuka kutoka kwenye ini hadi utumboni, pale kwenye mshono umepungua kidogo tu na kuendelea. Nesi aliniuliza kama nataka kuziona stenti zenyewe. Zilikuwa kwenye kibakuli cha chuma, vijiti vitatu, kimoja kimegeuka kahawia na kujaa mchanga tunduni. Niliviangalia kwa muda.

Kwa tiba yenyewe, mikono ya madaktari na wauguzi wa chumba kile, natoa nyota tano. Kwa ufuatiliaji natoa mbili. Mwenye swali aniulize hapa, nitajibu ninaloweza, na anayewashwa usiku huu asisubiri jibu langu, asubuhi aende akapime bilirubini. Mbano unaweza kurudi, kwa hiyo bado napima damu kila mwezi. Kipimo kijacho ni Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla sijameza dawa.