Kontena la biashara Mbeya: ununue nini kuzuia joto na baridi

Kontena la chuma likigeuzwa saluni au duka, mchana wa jua kali linachoma. Juni na Julai usiku linakuwa barafu, na asubuhi dari inadondosha maji. Vifaa vya kuzuia hali hiyo vipo madukani, ila baadhi vinaweza kukuletea shoti.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni ethi pamoja na breka ya umeme unaovuja, ya miliampia 30. Wengi huridhika na fimbo ya ethi peke yake. Hebu piga hesabu: waya wenye umeme ukigusa kontena, fimbo yenye ukinzani wa omu 50, kwenye umeme wa volti 230, inapitisha ampia 4.6 tu. Breka ya kawaida ya ampia 20 haitakata, na kontena zima litabaki na umeme huku mteja ameshika mlango kwa mkono uliolowa. Ile ya miliampia 30 hukata papo hapo. Mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA, na usikubali kuvuta umeme kwa ekstensheni kutoka fremu ya jirani.

Namba mbili ni foili ya mapovu (plastiki yenye mapovu ya hewa iliyofunikwa foili), kwa paa. Kwa biashara ya mchana hakuna inayoizidi kwa bei na wepesi. Lakini inafanya kazi kwa kurudisha mionzi ya joto, hivyo inahitaji nafasi ya hewa ya milimita 25 hivi. Ukiibandika moja kwa moja kwenye bati na kuifunika kwa ubao, umetupa hela. Dukani, sugua kona kwa kidole: mng'ao ukibaki kidoleni, rudisha. Viungo vifungwe kwa tepu ya alumini.

Foili ni chuma. Pini moja ikitoboa waya, dari nzima inakuwa na umeme. Australia, mwaka 2009 na 2010, mafundi wawili waliuawa na umeme wakifunga foili kwenye dari za nyumba, na Februari 2010 foili ikaondolewa kwenye mpango wa serikali wa kufunga vizuia joto majumbani, ambao mafundi hao walikuwa wakiufanyia kazi. Zima meni swichi kabla ya kugusa stepla, kisha foili iunganishwe na ethi.

Kama unalala humo, au uko Makete au Njombe, foili ishuke nafasi ya tatu na shiti za foam zipande. Baridi ya usiku inazuiwa na unene. Zifunike kwa jipsamu, maana foam ikishika moto moshi wake ni sumu. Waya upite ndani ya paipu: foam ya polystyrene ikigusana na plastiki ya waya kwa muda mrefu, plastiki hukauka na kupasuka.

Pamba ya kioo ni nzuri pakiwa pakavu. Maranda ya Mafinga ni rahisi sana, lakini yanashika moto na unyevu. Ndani ya kontena lenye nyaya, usiyaweke.